Kichwa Kisichofanana na Vingine

Mtaa mzima ulimwita Daktari, ingawa yeye alikuwa muuza dawa tu, mwenye duka la chumba kimoja lililotazamana na soko. Alikuwa na mdomo, lakini mdomo wa kheri. Mtu akija kuomba vidonge vya kichwa, hapewi mpaka ahojiwe. "Kinabana pande zote kama mkanda? Basi hayo ni mabega, baba. Umeinamia kazi kutwa." Mwingine ataulizwa, "Umekunywa maji leo? Chai siyo maji, usinidanganye!" Kulikuwa na dereva aliyekuwa akimeza vidonge kila siku ya Mungu, huyo alimnyima kabisa, akamwambia vidonge vyenyewe ndivyo sasa vinavyomuumiza. Dereva alinuna wiki nzima, kisha akarudi kushukuru.

Mdogo wake, fundi cherehani, alikuwa na kipandauso tangu usichana. Kilianza na vimulimuli machoni, halafu upande mmoja wa kichwa ukawa unapwita, anatapika, hataki mwanga wala sauti. Tangu mama yao afariki, Daktari ndiye aliyemfungia mapazia, akamwekea beseni kando ya kitanda na kumgombeza kila aliyepita dirishani na redio. Alikijua kichwa kile kuliko alivyokijua chake.

Ndiyo maana Jumanne ile, mdogo wake alipompigia simu adhuhuri, hakushtuka.

"Dada, kichwa."

"Kile chako?"

"Hata sijui. Hiki kimekuja ghafla, kama kitu kimepasuka kisogoni. Na shingo imekakamaa."

Dukani watu walikuwa wamejaa, na mama mmoja alikuwa amebeba mtoto mwenye homa. "Meza dawa zako, ulale," akasema. "Nikifunga nakuja."

"Haya, dada."

Alipofika saa kumi na moja jioni, sare ya shule ilikuwa bado chini ya sindano ya cherehani. Mdogo wake alikuwa kitandani, anakoroma, haitiki. Hospitali walisema mshipa wa damu umepasuka kichwani. Siku ya tatu akafa.

"Kilianzaje?" daktari akamuuliza, wa kweli huyu. Alipomweleza, yule bwana alitazama chini. "Hata angewahi, huenda tusingemwokoa."

Huenda. Neno hilo lilimganda. Maana mteja yeyote angekuja kusema kichwa kimempiga ghafla, kikali kuliko vyote alivyowahi kuumwa, angemfukuza mbio aende hospitali, hata gari angemtafutia. Alilijua jambo hilo vizuri. Siku ile alikuwa na haraka.

Wiki moja baada ya mazishi, binti wa marehemu, wa miaka kumi na sita, aliyekuwa amehamia kwake, alisimama mlangoni mwa jiko akishika paji la uso.

"Mama mkubwa, kichwa kinaniuma."

Sufuria ilimponyoka. Hakuuliza swali hata moja. Alimkokota binti hadi hospitali, mwenyewe amevaa ndala za jozi mbili tofauti. Muuguzi alimpima yule msichana, akamuuliza taratibu, "Leo umekula nini?" Hajala. Na jana? Chai. Na usiku analala? Analia tu. Njaa, kiu na machozi. Hapakuwa na zaidi.

Nyumbani alimpikia uji, akakaa mbele yake mpaka kikombe kikabaki kitupu.

"Mama mkubwa," binti akasema, "siku ile mama alikupigia?"

Angeweza kukana. Simu ya marehemu ilikuwa kabatini, imezimwa.

"Alinipigia. Akaniambia kichwa chenyewe hakielewi. Nikamwambia alale."

 Binti akainuka, akaosha kikombe, akakifuta, akaingia chumbani na kufunga mlango polepole. Siku nne alimjibu "ndiyo" na "hapana" basi. Siku ya tano alikuja na kitana, akaketi sakafuni kati ya magoti ya mama yake mkubwa. Daktari akaanza kumsuka. Walilia wote wawili, hakuna aliyemwona mwenzake.

"Umekaza mno hapo," binti akasema hatimaye. "Inauma."

Akafumua, akaanza upya.