Siku Nilisimamisha Kashikishi Juu ya Paka

Mutu akinicheka njiani siku hizi namuacha acheke, maana hata mimi ningecheka kama haingekuwa mimi: mi ndiye ule binti aliyefanya wavuvi wa Kashikishi, mji wetu wa ziwani, waruke majini na nguo zao zote, juu ya paka mmoja tu.

Paka alikuwa wa nkambo wangu, mama ya mama, na jina lake Makaa kwa sababu ya weusi wake. Tangu babu afariki, Makaa alilala upande wa babu kitandani, na nkambo alisema bila ule uzito kidogo kwenye blanketi usingizi haumupati. Basi Makaa akapotea. Siku ya pili nkambo akasukuma sahani ya bukari, ugali wetu, bila kuigusa, akasema, "Nitakulaje, na yeye sijui kama alikula?"

Rafiki yangu wa darasani alinieleza vizuri namna ya kutafuta paka: anza karibu, chungulia chini ya kila kitu, beba chakula anachopenda, na zaidi ya yote piga hodi kwa majirani uulize. Yote niliweza ila hodi. (Wageni wakija kwetu, mimi napita nyuma ya nyumba nisiwasalimie.) Nikaamua nitatafuta peke yangu, kimyakimya, na ni hapo niliharibu.

Nikashuka ziwani na chisense mkononi, wale samaki wadogo ba mama wa kwetu (ba ni neno la heshima) wanaanika juu ya mchanga, nikawa nachungulia chini ya mitumbwi iliyopinduliwa, mmoja, mwingine, mpaka nafika kwenye matete, naona kitu cheusi kinaelea mbele kidogo. Nikajua. Mikono yangu ikapanda yenyewe kichwani, nikabaki nimesimama vile, naangalia maji.

Sasa, huku kwetu hakuna anayehitaji kuelezwa. Mikono kichwani, uso ziwani: kuna mutu amezama, na mutu akizama hakuna anayebaki kwenye kazi yake.

"Mayo! Mutoto iko mu mayi!" akalia ba mama Mwape, muuza chisense, na kabla sijafungua mdomo alishaingia mpaka kifuani na kitenge chake, yeye asiyejua kuogelea. Mitumbwi ikasukumwa, nyavu zikatupwa chini, wafanyabiashara waliotoka Kongo wakaacha mizigo yao bila mulinzi, ba mama wengine wakaanza kulia, na mmoja akanifunika kitenge kichwani kama mufiwa. Ba Chola, mvuvi, akanishika mabega.

"Ni nani? Ni mudogo yako?"

Nilitaka kusema. Neno moja tu, paka. Lakini watu walikuwa wengi, wote wananiangalia, nikanyoosha tu kidole kwenye matete. Ba Chola akaruka. Mvua nayo ikashuka, juu ya chisense yote iliyoanikwa, na hakuna hata mmoja aliyegeuka kuianua.

Ba Chola akainuka na Makaa mkononi, maji yanamutiririka.

"Pushi," akasema, kama hajaamini.

Kikatoka kicheko kimoja, halafu vingi, halafu hasira.

"Batu bote hawa, juu ya pushi!"

"Iwe, chisense yangu utaikausha na pumuzi yako?"

Na jirani yetu, tunayegawana naye ukuta, akapenya katikati ya watu: "Ile nyeusi? Ilijifungia mu kibanda yangu ya unga, ikalia siku mbili, nami sikujua inalilia wapi! Leo asubuhi njo nilifungua, imbwa zikaifukuza huku. Sikujua ni yenu. Kwa nini hamukuuliza?"

Siku mbili. Ukuta mmoja.

Ba mama Mwape hakucheka wala kugomba. Alitoka majini wa mwisho, akakamua kitenge chake polepole. Mutoto wake wa kiume alizama musimu wa mvua uliopita, na ziwa halikumurudisha. Kila mutu anajua. "Nilisema moyoni leo tutafika mbio, tumuwahi," akasema, na hakuwa ananiambia mimi.

Tulimuzika Makaa nyuma ya jikoni. Jioni nkambo akala kidogo. "Angalau najua mahali iko," akasema, na mimi nikarudisha tonge langu kwenye sahani.

Nimeapa, nikipoteza kitu tena, hata sindano, nitaanza na mdomo mbele ya miguu. Kesho yake ya siku ile nilienda kwa ba mama Mwape. Sikuwa natafuta kitu. Nilipiga hodi, sauti ikatoka ndogo, lakini ikatoka.

"Ingia, mwana," akasema, akanisogezea beseni. Tukachambua chisense iliyolowa, iliyooza huku, nzima huku. Sikumuuliza kitu. Katikati ya kazi akanitajia jina la mutoto wake, nami nikalirudia, kwa sauti, ili asikie kwamba nimelishika.