Viondo vya Jerioth Vilivyochomwa Riyadh

Vilichomwa saa nne asubuhi, nyuma ya nyumba, ndani ya pipa la bati ambalo Jerioth mwenyewe alikuwa ameliosha siku iliyotangulia. Alilazimishwa kusimama na kutazama. Moshi wa nailoni ni mweusi na unakera macho, kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema kwa hakika kama mama huyu alikuwa analia au anafikicha macho tu. Bosi wake, ambaye ndiye kafili aliyemwajiri na kushika karatasi zake zote, alivitumbukiza kimoja baada ya kingine kwa koleo la kuchomea nyama, asije akavigusa kwa mkono. Vilikuwa kumi na viwili. Kila kimoja kilifungwa kipande cha karatasi, na katika kila karatasi kulikuwa na jina la mwanamume.

"Mafi sihri, baba," Jerioth alirudia kwa Kiarabu chake cha jikoni. "Si uchawi. Ni vikapu. Ni vya mwanangu na wenzake."

"Halas, basi," alisema kafili, akamimina mafuta mengine ya taa.

Ni haki ijulikane vitu hivyo vilikuwa nini, kwa kuwa aliyevichoma hakutaka kujua.

Jerioth Wangari alizaliwa kwenye mteremko ulio juu ya Karatina. Mama yake alisuka viondo, na kutoka kwake Jerioth alirithi ufundi huo pamoja na paja gumu lisilohisi tena kitu. Uzi wa kiondo husokotwa pajani: msukaji hulowesha kiganja kwa mate kidogo, kisha huviringisha nyuzi mbili juu ya paja mpaka zishikane ziwe moja. Kazi yenyewe haina siri, isipokuwa mwanzo wake. Pale katikati, nyuzi zinapofungwa mafundo na kutawanywa pande zote, ndipo wengi hushindwa. Kwa hiyo kwao ilikuwa desturi mwanamke stadi kuwaanzishia jirani zake viondo, akafunga kwenye kila mwanzo karatasi yenye jina la mwenyewe. Mikono haifanani. Mmoja huvuta uzi kwa nguvu, mwingine huulegeza, na stadi hukaza mwanzo kwa kadiri ya mkono utakaoupokea. Ukimpa mtu mwanzo usio wake, kiondo kitapinda.

Mwanawe wa pekee, Derrick, alijifunza kusuka akiwa na miaka saba, kwa sababu baba yake alikuwa amefariki na hapakuwa na mahali pengine pa kukaa ila karibu na mama. Wavulana wenzake walimcheka mpaka akaacha. Alipokua alijiunga na jeshi, na Jerioth akaenda Riyadh kufanya kazi za nyumbani. Mama na mwana wote wakawa ng'ambo, kila mmoja akimwambia mwenzake kwa simu kwamba hali si mbaya.

Derrick alipelekwa Somalia. Siku moja gari lililokuwa mbele ya lake lilikanyaga bomu, na yeye ndiye aliyewatoa waliokuwa ndani. Tangu siku hiyo mkono wake wa kulia haukuacha kutetemeka. Kasisi wa kikosi alimshauri atafute kazi ndogo ya vidole ya kumtuliza saa za mapumziko.

"Mama, unakumbuka viondo?" alimuuliza kwa simu.

"Nitasahauje? Vyako vilikuwa vimepinda kama kofia ya mlevi."

Alicheka. Jerioth hakuwa amesikia kicheko hicho kwa miezi mingi, akabana simu sikioni kana kwamba kingeweza kumwagika.

"Nitumie uzi, na sindano kubwa. Vincent naye anataka. Yule tunayelala naye hema moja."

"Wewe na Vincent tu?"

"Tuko kumi na wawili, Mama. Lakini usimwambie mtu. Sajini anasema tutageuka kikundi cha akina mama."

Jerioth aliwaambia watu wote. Ijumaa ilipofika, Zablon, dereva wa nyumba ile, Mkisii mwenye mdomo usiotulia, alipeleka habari Batha, ambako Wakenya hukutana madukani na kwenye vituo vya kutuma mizigo. Wajakazi walioruhusiwa kutoka kwa saa mbili tu walitoa nyuzi za kufumia zilizobaki na vifungo vya rangi rangi. Walinzi wa maghala walitoa seti mbili za mchezo wa draft na nyuzi za gitaa, ziwafae wanajeshi mapumzikoni. Uzi mzito Zablon aliupata sokoni Dirah, wakati madam, mke wa kafili, alipokuwa akichagua mapazia.

"Mama Derrick, sasa wanajeshi wasuke viondo?" alimtania akishusha furushi. "Adui akija watamtilia sukumawiki ndani?"

"Wewe leta uzi. Maneno yako yaache kwenye buti la gari."

"Basi nisukie kimoja, nimpelekee mke wangu. Nitamwambia nimesuka mwenyewe."

"Atajua ni uongo. Kuna kazi gani umewahi kuimaliza?"

Kwa wiki tatu, kila alasiri wenye nyumba walipopumzika, Jerioth alikaa mlangoni pa jikoni na kusokota. Alimwomba Derrick amweleze mikono ya wenzake: nani ana vidole vizito, nani ana haraka, nani hupoteza subira. Akakaza kila mwanzo kwa kumfikiria mtu asiyemjua, akafunga jina lake. Mwanzo wa Derrick aliulegeza kuliko yote, ili mkono unaotetemeka usipate shida. Katoni ilikuwa iondoke Ijumaa kutoka Batha hadi Nairobi, na dada yake Vincent alikwisha kukubali kuifikisha kambini.

Madam alikuwa amemwona kupitia dirisha. Alimwona akitema mate kiganjani, akiviringisha uzi na kufunga fundo. Binti yake mdogo alikuwa amekataa chakula tangu mwanzo wa mwezi, na madaktari wawili hawakujua sababu. Alhamisi asubuhi alifungua katoni, akakuta mafundo, mikia ya nyuzi iliyoning'inia kama nywele, na majina ya wanaume. Alipiga ukelele uliowatoa watu wote vyumbani.

Hofu ya mama kwa mwanawe inaeleweka, na hakuna aliyeielewa siku ile kuliko Jerioth. Lakini hofu si ushahidi. Mwanakombo, mpishi wa nyumba hiyo, Mwislamu kutoka Kwale, alithubutu kulisema hilo mbele ya kafili.

"Baba, mimi na wewe dini yetu ni moja. Nakuapia, huyu hakufanya ubaya. Kwao wanasuka hivi. Na anayemtuhumu mwenzake si ndiye anayetakiwa kuleta ushahidi?"

"Yalla, jikoni," alijibiwa.

Jerioth alifungiwa chumba cha kupigia pasi kwa siku kumi na tisa. Simu yake ilichukuliwa. Alipitishiwa chakula mlangoni na kila siku alimwomba aliyekileta jambo moja tu: Derrick aambiwe kwamba katoni haikufika, na kwamba mama yake hakumsahau. Zablon alijaribu, lakini namba zote zilikuwa ndani ya simu iliyofungiwa kabatini kwa madam. Jerioth hakuwahi kuziandika mahali pengine, wala hakuzikumbuka. Sote tumeacha kukariri namba za watu tunaowapenda.

Siku ya ishirini alipelekwa Jeddah, nyumbani kwa mama mzazi wa kafili, mtaa wa Ruwais. Hapa ndipo uongo wote ulipojianika. Mtu anayeamini kwa dhati kwamba mjakazi wake ni mchawi hampeleki kwa mama yake aliyemzaa, bibi wa miaka themanini, amwogeshe na kumpikia uji. Angempeleka uwanja wa ndege. Kafili hakumpeleka uwanja wa ndege kwa sababu mkataba ulikuwa na miezi kumi na mmoja mbele, na alitaka itumike yote. Tuhuma, ambayo nchini humo huweza kumgharimu mtu maisha yake, aliiweka mfukoni pamoja na pasipoti, aitoe kila mara Jerioth atakapoomba kitu.

Yule bibi, ni lazima isemwe, ndiye aliyemrudishia simu. Aliitoa kwenye mkoba ambao mwanawe alikuja nao kutoka Riyadh akausahau, akamwekea mkononi.

Kulikuwa na ujumbe thelathini na mmoja. "Mama, imefika Batha?" "Mama, uko salama?" "Wenzangu wananiuliza kila siku, nawaambia iko njiani." "Kama ni ghali usitume, mimi nataka tu kusikia sauti yako." Kisha, "Mama, nimekukosea nini?" Baada ya huo hapakuwa na mwingine wa Derrick. Wa mwisho ulikuwa sauti ya mtu asiyemfahamu, akisema polepole kama anayesoma.

"Shikamoo, Mama. Mimi ni Vincent. Derrick amerudishwa Nairobi, yuko hospitalini. Hajajeruhiwa mwili, Mama. Hasemi. Ni wiki ya pili sasa hasemi na mtu yeyote, na chakula anakataa. Daktari ameniuliza kama ana mtu wake, nikasema ana mama. Tafadhali njoo."

Jerioth aliusikiliza ujumbe huo akiwa amepiga magoti kwenye vigae, kwa sababu ndivyo ulivyomkuta akipangusa sakafu. Alimpigia kafili. Alimweleza kila kitu, kwa upole, kwa maneno yote ya heshima aliyojifunza kwa miaka minne.

"Ukitaka kuondoka, nenda polisi uombe," kafili alimjibu. "Nami nitawaambia kwa nini sikukuruhusu."

Hivyo ndivyo alivyo hadi leo. Asubuhi anamwogesha mama wa mtu mwingine. Mchana anampigia Vincent, ambaye sasa ana likizo, na Vincent anaweka simu kwenye mto wa Derrick. Jerioth huzungumza nusu saa. Humwambia bahari ya Jeddah haina harufu ya kitu, humwambia bibi amekula vizuri, humwambia katoni ilichomwa na si yeye aliyeiacha. Upande wa pili husikika pumzi tu. Jana Vincent alisema kwa sauti ya chini kwamba hata pumzi hiyo imepungua nguvu, na kwamba wamemwekea mrija wa kumlisha.

Kwa hiyo sisi tunaomjua hatuombi huruma. Wewe kafili, kama una ushahidi dhidi ya mwanamke huyu, upeleke mbele ya hakimu leo, naye apewe wakili na mkalimani. Kama huna, na unajua kwamba huna, tia sahihi ruhusa yake ya kutoka na umrudishie pasipoti, kwa sababu si mali yako. Wewe wakala wa Nairobi uliyemtafutia kazi hii, ukampungia mkono na kumwahidi kwamba simu yako haizimwi, washa simu hiyo. Nanyi maofisa wa serikali zote mbili mliopokea barua tatu ambazo Zablon aliwaandikia kumtetea, bila kujibu hata moja: hospitali ina kitanda chenye kijana asiyekula, na mama yake yuko umbali wa saa chache kwa ndege. Mpandisheni ndege wiki hii. Si baada ya miezi kumi na mmoja. Wiki hii.