Mvua ya Sawako

Mimi ni fundi miavuli. Naunga njiti zilizovunjika, nabadilisha vitambaa, na mlangoni nauza mipya kwa wasio na subira. Duka langu liko Kanazawa, mji ambao watu huambiana usahau chakula chako cha mchana lakini usisahau mwavuli, kwa hiyo njaa siijui. Na katika mji huu yuko mtu mmoja ambaye, kama ningekuwa na adabu, ningempelekea zawadi kila mwisho wa mwaka. Ni jirani yangu Sawako, mkaanga katlesi wa sokoni.

Sawako ni mwanamke wa mvua. Jina hilo sikumpa mimi. Kwetu kuna watu wa jua na watu wa mvua, na kila mtu anajua yuko upande gani. Yeye alijijua akiwa darasa la kwanza, siku ya michezo ya shule ilipoahirishwa mara tatu. Mara ya nne alikuwa nyumbani na surua, na jua likawaka mpaka walimu wakababuka shingo. Siku ya harusi yake, bwana harusi, marehemu sasa, alifika na viatu mkononi. Chama cha wachuuzi wa soko letu kilimchukua safari ya chemchemi za maji moto mara moja tu, na basi likanasa kwenye matope kwa saa tano. Tangu hapo wanamwambia tarehe ya safari wakisharudi, na wanamletea biskuti kwa aibu. Anazipokea, anashukuru, anawaongezea katlesi moja moja. Ningekuwa mimi ningewarushia biskuti zao.

Mwaka jana binti yake wa pekee, Chinami, alichumbiwa na kijana wa Kagawa, kule kusini kwenye jua. Harusi ikapangwa mwezi wa sita, kwenye uwanja wa hekalu la kijijini kwao kijana, mahali pa wazi pasipo na paa. Kisha mama wa kijana, Bi Fusae, akaandika barua kwamba angependa kuja siku moja mwezi wa kumi na moja, auone mji wetu na amjue mkwe mwenziwe. Sawako alikuja nayo dukani bado amevaa aproni.

"Iwase, hebu soma hapa."

Nikasoma. "Hali ya hewa usiihofu. Tangu nizaliwe sijanyeshewa safarini hata siku moja, na mwavuli sina."

"Huyu ni mwanamke wa jua," nikasema.

"Wa jua kabisa. Sasa nisikilize. Nitatembea naye siku nzima. Jua lake likiishinda mvua yangu, nitakwenda harusini. Mvua ikinyesha, siendi."

"Huendi harusi ya mwanao?"

"Nitaugua. Ugonjwa nimeshauchagua, ni kiuno. Chinami ana siku moja tu, simharibii."

"Huo ni upuuzi, Sawako."

"Kawaambie chama cha wachuuzi."

Nilimrudishia barua yake kwa hasira. Akaniambia nifunge duka siku hiyo niende nao, maana yeye akiona aibu huwa bubu.

Jioni ya kuamkia siku yenyewe nilipita kwake nikaona ametundika dirishani vidoli saba vya kitambaa cheupe, vile ambavyo watoto hutundika kuomba jua kesho yake. Ukivitundika kichwa juu unaomba jua, kichwa chini unaomba mvua, ingawa sijapata kumwona mtu wa Kanazawa akiomba mvua. Nilivihesabu nikacheka peke yangu, nikaenda kulala. Dua la kuku halimpati mwewe.

Asubuhi jua likawaka. Sawako alisimama kituo cha treni ameinua uso, macho makavu ya mtu asiyelala. Bi Fusae alishuka akiwa na kofia pana ya majani, uso uliopigwa na mashamba, na sauti iliyozoea kuita mtu wa ng'ambo ya pili ya jaruba la mpunga.

"Mmeliona?" akasema, akionyesha anga kama mtu anayeonyesha ng'ombe wake.

Tuliingia bustani kuu. Wafanyakazi walikuwa juu ya misonobari wakifunga matawi kwa kamba, yasije yakavunjwa na theluji.

"Hii mnaifunga isitoroke?" akauliza Bi Fusae.

"Ingekuwa na akili ingeshatoroka," nikamjibu. "Subiri uione Januari."

Sawako alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza siku ile, na nikaanza kuamini kwamba mambo yangekwenda sawa. Saa tano juu ya alama, tone moja likamdondokea Bi Fusae kwenye pua.

"Ndege," akasema.

La pili likatua mkononi mwake.

"Ndege wawili," nikasema mimi.

Halafu ikamwagika. Sawako akainama mpaka nywele zikamfunika uso. "Samahani sana, mkwe wangu. Ni mimi."

"Ni wewe nini?" akauliza Bi Fusae, kwa hamu kubwa kuliko nilivyotarajia.

"Ninayeileta."

"Aa," akasema mgeni. Mwavuli wangu aliukataa kwanza, kwa msimamo, mpaka kofia ilipomlegea masikioni kama chapati ndipo akaingia chini ya mwavuli wa Sawako. Nikawafuata nyuma. Kutoka huko niliona jinsi Sawako alivyousogeza mwavuli wote upande wa mgeni, bega lake mwenyewe likichuruzika maji.

Sokoni Bi Fusae akawa mtu mwingine. Alikula katlesi ya kamba wa baharini amesimama palepale mbele ya kibanda, maana kwetu hatuli tukitembea, na ilipomchoma ulimi akaagiza nyingine. Akala samaki wembamba kama kidole, waliochomwa kwenye vijiti kwa mchuzi wa soya. Kisha, meno yetu yakigongana kwa baridi, akaona aiskrimu iliyofunikwa kwa karatasi nyembamba ya dhahabu halisi, ile inayoliwa.

"Mkwe, utaugua," Sawako akasema.

"Nimetoka mbali. Siwezi kurudi nikawaambia watu sikula dhahabu."

Kipande cha dhahabu kikamganda puani. Sawako alikiona, akatazama pembeni kwa heshima. Mimi sina heshima hiyo.

"Mama, pua yako ina dhahabu."

"Iache. Angalau kuwe na kitu kimoja kinachong'aa leo."

Alicheka mwenyewe mpaka muuzaji akacheka. Lakini kila alivyozidi kucheka, ndivyo Sawako alivyozidi kunywea. Maji yalikuwa yakikimbia kwenye mifereji, na niliona mkono wake umeshaanza kwenda kiunoni, ukifanya mazoezi. Roho iliniuma. Sijui kama nilimkasirikia yeye, mvua au wale wa biskuti.

Alasiri tulijibanza jikoni kwake, soksi zetu zimepangwa mbele ya hita. Bi Fusae akainua macho akaviona vidoli saba dirishani.

"Na hawa?"

"Walikuwa wa leo," Sawako akajibu. Akaweka birika chini polepole. "Mkwe, nina jambo. Mwezi wa sita sidhani kama nitaweza kuja. Kiuno kinanisumbua."

Bi Fusae akanigeukia mimi.

"Kiuno chake kizima," nikasema. "Anaogopa kuwanyeshea."

Sawako alinitazama kwa jicho ambalo mpaka leo sijalisahau. Bi Fusae alichukua soksi yake, akaikamua kwenye sinki, akairudisha.

"Kijijini kwetu mpunga unategemea bwawa," akasema. "Mwaka huu lilibaki tope, maji tukagawiana kwa zamu. Ukifika wakati huo, kijiji kizima hupanda kilimani kuomba mvua. Wote isipokuwa mimi. Mwaka wa ishirini na sita huu wananiambia, Fusae, wewe baki nyumbani, utatuharibia. Wakirudi wananiletea keki za mchele."

"Mimi ni biskuti," Sawako akasema kwa sauti ndogo.

"Afadhali yako. Keki zangu zinafika zimeshakauka."

Wakatazamana. Kisha Bi Fusae akavuta kiti karibu na dirisha.

"Mwanangu aliniambia mama yake Chinami ni mwanamke wa mvua. Nikasema watu hutia chumvi, ngoja niende nikamwone mwenyewe. Miaka sitini na mitatu, sijapata kulowa hivi. Umenishinda, mkwe, na nimefurahi hata siwezi kukwambia."

Akapanda juu ya kiti akashika kidoli cha kwanza, akakifungua uzi, akakitundika kichwa chini.

"Harusi iko wiki ya kupandikiza mpunga. Utakuja siku tatu kabla."

"Na kimono ya Chinami?"

"Kimono ikilowa hukauka. Mpunga ukikauka ndiyo basi." Akageuza cha pili, cha tatu. "Uwanjani nitafunga turubai. Chinami mwenyewe ndiye aliyeniambia nisirudi bila neno lako. Anajua habari za kiuno hata kabla hakijakuuma."

Sawako alilia hapo, bila kujificha, aproni usoni. Vidoli vitano aligeuza Bi Fusae. Viwili vya mwisho alivigeuza Sawako mwenyewe. Nilipomuuliza kiuno kinaendeleaje, akasema kimepona. Ndiyo maana wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mwezi wa sita nilimsindikiza kituoni na mwavuli bora niliopata kuushona, wa njiti ishirini na nne. Aliurudisha mikononi mwangu.

"Bi Fusae kanikataza. Nikienda na mwavuli, mvua itadhani siitaki."

Akaondoka mikono mitupu. Siku nne zilizofuata Kanazawa iliwaka jua ambalo sijawahi kuliona mwezi huo. Wachuuzi wote walifurahi. Mimi sikuuza hata mwavuli mmoja, nikakaa mlangoni nimenuna, nikimkumbuka.

Siku ya harusi simu ikalia. Alikuwa Sawako, ananiambia jambo kwa sauti ya juu, lakini sikushika hata neno moja. Nyuma yake palikuwa na mlio mmoja tu, mzito, usiokatika, kama katlesi mia moja zimetiwa kwenye mafuta kwa mpigo, na ndani ya mlio huo kijiji kizima kinapiga makofi.