Taa Niliyosema Inawaka

Nakumbuka asubuhi moja pale Kitengela, mwanangu, katika miaka ya tisini, wakati ng'ombe walikuwa bado wengi kuliko nyumba. Nilikuwa nimeacha shule darasa la sita, nikazurura: nimechuma nyanya Kimana, nimebeba magunia Illasit. Kila kazi niliyoiona nilitaka kujua inavyofanywa. Ndivyo nilivyojikuta nachimba kisima na Mutua, Mkamba mpole aliyerithi kazi hiyo kwa babake, katika boma la bibi mmoja Mmaasai tuliyemwita Koko, yaani nyanya kwa Kimaasai.

Mutua alichimba chini. Mimi nilikaa juu, nikizungusha gogo lenye kamba iliyofungwa kiunoni mwake. Kila asubuhi, kabla hajashuka, niliteremsha taa ya mafuta ndani ya ndoo. Ikizimika kule chini, hewa ni mbaya, na mtu hashuki. Kazi yangu ilikuwa kuinama ukingoni, nitazame, niseme.

Lakini kuna jambo sikuwa nimemwambia mtu. Nikiwa na miaka saba nilitumbukia katika shimo kavu, nikakaa humo hadi jioni. Tangu hapo, nikikaribia shimo refu, magoti hulegea, jasho hunitoka, na moyo huniambia kwamba ardhi itanivuta. Nilijua haivuti. Kujua hakukunisaidia. Nikawa mwepesi wa hasira mtu akinisogeza karibu, na mwepesi wa mzaha ili nisiulizwe. Kisima kilipopita kimo cha watu watano, niliacha kutazama. Niliteremsha ndoo, nikaangalia vilima vya Ngong kwa muda, kisha nikasema, "Inawaka." Mutua aliniamini.

Asubuhi hiyo ninayoikumbuka, taa ilirudi imezimika. Nikajiambia ni upepo wa hapo juu. Mwanangu, woga hauishii magotini. Hupanda kichwani na kukutafutia sababu nzuri. Nikamwambia Mutua kule chini ilikuwa inawaka, naye akashuka.

Hata kabla hajafika chini, aliita jina langu mara moja, kwa sauti ya mtu anayesinzia. Nikazungusha gogo kwa nguvu zote. Kichwa chake kikatokea mdomoni mwa kisima, kimelala begani. Ilibaki mtu ainame amshike kwapani. Hatua mbili tu. Miguu ilikataa. Nilishikilia mpini nikilia, na rafiki yangu ananing'inia mbele yangu.

Koko alitoka zizini, akapiga magoti ukingoni, akamvuta kwa shati hadi nje.

Mutua alitapika, akalala kivulini. Alipopata sauti aliniuliza, "Taa uliiona?"

"Niliiona."

Koko alikuwa akijifuta mikono. "Hukuona. Mimi nilikuwa nakamua, na nilikuona. Wewe ulikuwa unaangalia Ngong."

Nikasema yote, hata lile shimo la utotoni, nikingoja wanicheke. Koko hakucheka.

"Mimi niko na woga wa kinyonga tangu nikiwa msichana," alisema. "Watoto wangu wote wanajua. Wakimwona njiani, wananizungusha. Woga si kosa lako. Kosa ni kumbebesha mwenzako bila kumwambia."

Mutua hakusema nami siku mbili. Siku ya tatu aliweka jiwe hatua kumi kutoka ukingoni, akaniambia nikae hapo ninywe chai. Taa sasa aliitazama Koko mwenyewe. Kila asubuhi jiwe lilisogea kidogo. Siku nyingine lilirudi nyuma, na hakuna aliyenicheka. Mvua zilipokaribia, nililala kifudifudi ukingoni, Mutua amenishika vifundo vya miguu, nikaiona taa kule chini, ndogo kama punje ya hindi. Nikasema, "Inawaka," nami nilikuwa nimeiona.

Tunaambiwa kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Mimi woga wangu nusura upeleke kilio nyumbani kwa Mutua, kwa sababu niliufunika. Basi, mwanangu, ukiwa na kitu kinachokulegeza magoti, kiwe shimo, umati au kinyonga, kitaje mbele ya wale wanaokutegemea. Usikipe jina la upepo. Kisha kisogelee polepole, jiwe kwa jiwe. Na mwenzako akikutajia chake, usicheke, mshike miguu.

Mungu akupe ulimi wa kukiri mapema, na akuwekee ukingoni mtu asiyekuachilia.