Kichupa cha Damu ya Mzee Pazi

Siku ya kwanza kazini, Kisarawe, nilitegemea kukabidhiwa hadubini. Mkuu wa Maabara, Mama Nakiete, mama wa Kipare mwenye maneno machache, akanikabidhi kibao chenye matundu, kimejaa vichupa vya damu iliyokwisha kupimwa. "Kazi yako kuvilinda hivi," akasema. "Hapa damu ya mtu haitupwi kabla mwenyewe hajaondoka na majibu yake. Akitaka kuiona, aione."

Niliona upuuzi mtupu. Nimetoka chuoni juzi tu, halafu nalinda uchafu! Lakini mama yule hakuwa mtu wa kubishana naye. Ukimjibu alikutazama tu, mpaka ukajikuta umeshika ufagio.

Miaka mingi baadaye tulikutana tena Kibaha, yeye bado mkuu, mimi mvi zimeanza kunichungulia. Huko ndiko mashine ya kupima troponini ilikotufikia. Nyie vijana mnaipima kama sukari, basi niwaeleze. Troponini ni protini ya msuli wa moyo. Mshipa unaolisha moyo ukiziba, msuli unaumia na protini ile inavujia kwenye damu. Ila haionekani papo hapo, huchukua saa kadhaa. Kwa hiyo mgonjwa aliyefika mapema anapimwa, anasubiri, anapimwa tena, na vipimo viwili vinalinganishwa.

Nililijua hilo vizuri. Ndiyo maana mpaka leo naona aibu.

Mzee Pazi, mchoma mkaa wa Kwala, alifika asubuhi moja kifua kimembana. Kipimo cha kwanza kikatoka chini kabisa. Dirishani watu wamejaa, na yeye kila dakika anachungulia: "Mwanangu, bado tu? Nina tanuri linafuka huko, likikosa mtu linakuwa majivu." Akanichosha. Nikamwambia, "Mzee, moyo wako mzima. Nenda zako."

Mgonjwa hupewa majibu na daktari, si na mimi. Nilikumbuka hayo alipokwisha geuza mgongo, nikatazama karatasi yake: maumivu yalikuwa yameanza saa moja tu kabla hajafika. Nikaenda kwa Mama Nakiete nikamweleza nilichofanya.

Hakunigombeza. Alichukua kichupa cha yule mzee, akatoka na koti lake jeupe mpaka kijiwe cha bodaboda, mimi nyuma yake. Mzee Pazi alishapanda pikipiki.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Tunaomba damu nyingine kidogo, baada ya saa tatu."

"Nyingine? Ya kwanza mmeipeleka wapi? Na huyu bwana kaniambia mimi mzima."

"Huyu bwana amekosea." Akamwekea kichupa kiganjani. "Damu yako hii hapa, na jina lako. Haijaenda popote. Kaa nayo mpaka tuchukue ya pili."

Mzee akakigeuzageuza. "Na tanuri langu?"

"Litaungua, baba. Sitakudanganya."

Akashuka taratibu. Alikaa saa tatu kwenye benchi letu, kichupa mkononi. Kipimo cha pili kikapanda. Kidogo, lakini kilipanda, na siku hiyo hiyo daktari akampeleka Dar kwa gari la wagonjwa.

Barua iliyorudi kutoka huko ilituacha midomo wazi. Mshipa mmoja mkubwa wa moyo wake ulikuwa umeziba kabisa. Kilichomshikilia ni vijishipa vya pembeni, ambavyo kwa miaka vilikuwa vikipanuka polepole kadiri ule mkubwa ulivyozidi kuwa mwembamba, vikawa vinapeleka damu upande uliokosa. Mama Nakiete alitueleza kwamba ni kama barabara ya Kwala ikikatwa na mvua, bodaboda hupita vijia vya mashambani, na wakivipita sana vinakuwa njia. "Moyo haukuumia sana, ndiyo maana kipimo kilipanda kidogo," akasema. "Hicho kidogo tungekikosa, angetufia huko huko tanurini." Mzee Pazi alipona. Mkaa ameacha, siku hizi analima ufuta.

Nilimuuliza mama kama ataniandikia barua ya onyo.

"Sikuandikii. Siku yako ya kuagwa utalisimulia hili mwenyewe, mbele ya watu."

Nilidhani utani. Mwaka jana nikastaafu, pilau likapikwa, wakubwa wakanisifu mpaka nikaanza kuwaamini. Nilipopewa nafasi niseme machache, nikamwona mama safu ya pili, mkongojo mkononi, ananitazama vile vile kama Kisarawe. Nikasimulia: dirisha, maneno niliyomwambia mzee, jinsi mama alivyomfuata kijiweni. Nilimpenda sana mama yule, na niliyasema hayo pia. Nilipokaa, yeye akasimama kwa tabu.

"Kuna kitu amekiacha," akasema. "Siku ile mimi nilikuwa ofisini, sijaona wala kusikia lolote. Muulizeni nani alikuja kuniambia."