Maficho Yaliyoliwa na Malkia

Kuna asubuhi moja ya kwetu Kalimoni ambayo haijawahi kunitoka kichwani, mwanangu. Mimi mwenyewe bado kijana, tena mwenye wasiwasi mwingi, na wewe hata kutembea hujaanza. Utayasoma haya ukikua.

Babu yangu, Guka, alikuwa anahamia kwa shangazi kule Ngoingwa siku ya Jumamosi, kwa kuwa magoti yalikuwa yamemshinda. Kabla ya kuondoka alitaka kitu kimoja tu: kuwaona kwa karibu bata mwitu wa bwawa letu na vifaranga wao. Kutoka ukingoni aliona vidoa tu, na ukisogea na boti, wanaruka.

Nikaamua kujenga maficho juu ya boti, kama wafanyavyo wawindaji, ila sisi tungewinda kwa macho. Sikufundishwa na mtu. Nilitazama video kwenye simu mpaka macho yakawasha. Nilipinda fito za mwanzi, nikazifunga kwa kamba, nikazivisha majani ya nepia, yale marefu ya kulisha ng'ombe, pande zote. Nilifurahi mpaka usingizi ukapotea! Lakini kila nilipomaliza, niliona jani moja limezidi wenzake. Nafumua, naanza tena. Alhamisi Guka akaja na mkongojo wake.

"Wambui, twende?"

"Bado, Guka. Upande huu umepinda."

"Kwani bata ni fundi, anakuja kukagua? Mimi nahama Jumamosi."

Nikamwambia kesho.

Ijumaa alfajiri niliteremka ukingoni na mkasi, nisawazishe ncha. Nikamkuta ng'ombe wetu, Malkia, amekata kamba, amesimama kando ya boti, anatafuna. Nani mwingine, kama si mimi, angeivisha boti chakula cha ng'ombe na kuiacha karibu na zizi? Upande mmoja ulikuwa matundu, mwingine unaning'inia kama nywele za mtu aliyetoka kuamka.

Nikaketi kwenye umande nikalia. Guka alipofika, alicheka mpaka akashika mti.

"Ngai! Umemwandalia Malkia karamu! Haya, nishike mkono nipande."

"Guka, imeharibika."

"Inaelea?"

"Inaelea."

"Basi sukuma."

Nikasukuma, nikarukia ndani. Tukatulia kando ya matete. Bata walilitazama lile rundo letu lililochanika, likifanana na takataka yoyote ya bwawani, wakaendelea kula. Halafu, mwanangu, mama bata akaja moja kwa moja kwetu na wanawe nyuma yake! Kifaranga mmoja akadonoa jani lililoning'inia karibu kabisa na goti la Guka. Nilitaka kupiga kelele kwa furaha. Guka alinibana mkono.

"Kumbe wana michirizi ya manjano," akanong'ona. "Miaka yote hii nilidhani ni weusi."

Kesho yake akahama.

Hata leo mimi hufumua na kuanza upya, sijapona. Ila nakuomba hivi: ukimtengenezea mtu kitu, muulize kwanza anakihitaji lini, ndipo uangalie kama kimenyooka. Kikielea, sukuma. Na ng'ombe umfunge vizuri.

Mungu aibariki mikono yako, mwanangu, akupe ujasiri wa kuingia majini na maficho yenye matundu. Na vifaranga wakupitie karibu.