Bunduki Mbili za Mkono wa Kushoto

Severina, fundi cherehani wa Lisekese, alilihangaikia koti lile mpaka vidole vikamuuma. Lilikuwa koti la kaki la baba yake, Mzee Vitalis, la tangu ujana wake katika Keya, jeshi la Mwingereza, na lilikuwa limepauka hadi aibu. Kesho yake ilikuwa Siku ya Mashujaa. Severina alitaka Masasi yote imwone mzee ameketi mbele na alama yake ya ulengaji shabaha, kitambaa kilichotariziwa bunduki mbili zilizopishana. Basi alilifumua koti zima, akaligeuza nje ndani ili upande wenye rangi ukae juu, akalishona upya. Alama akairudishia palepale penye matundu ya zamani ya sindano.

Mzee alifika kwa bodaboda kutoka Lupaso, akaitikia shikamoo, akalivaa.

"Fumua," akasema. "Alama hii inakaa mkono wa kushoto, chini ya kiwiko. Ndiyo sheria."

Lo! Koti likigeuzwa, mkono wa kushoto unakuwa wa kulia, na matundu yake yanahama nao. Fundi mzima kasahau!

"Baba, nani atajua?"

"Mimi."

Severina akafumua huku akinung'unika, akaishona kushoto. Mzee akausogeza mkono hadi puani, maana macho yake yamekwisha, akaitazama alama kwa muda mrefu.

"Fumua."

"Imekosa nini tena?"

"Haijakosa. Ila kila mwaka tulipimwa shabaha, na ukikosa unaivua. Leo nikipewa bunduki, hata ule mkorosho pale siupati."

"Jeshi lenyewe halipo, baba! Waliotunga hizo sheria wamekwisha kufa!" Severina aliutupa mkasi mezani. "Sasa ulinishonesha mara ya pili ya nini?"

"Nilitaka niione mahali pake."

Alifumua. Hakuagana naye vizuri siku ile, na hakujali.

Kesho yake mzee aliketi mbele na koti lake safi. Viongozi walihutubia, watu wakapiga makofi, hakuna aliyemuuliza chochote. Severina alikaa nyuma, bado amenuna, alama iko kwenye pochi yake. Ndipo akaona. Sherehe nzima baba yake alikuwa ameukumbatia mkono wa kushoto kwa kiganja cha kulia, chini ya kiwiko, akiyafunika matundu mapya ya sindano.